Nusu Dozi ya Mjukuu na Kichomi cha Bibi

(Mazungumzo ya wafanyakazi wa zahanati mbele ya wahitimu wa kisomo na wazazi wao. Tunayachapa karibu yote kama yalivyosemwa.)

 

Tunajua huu ni wakati wa palizi, na kila mmoja ameacha jembe ili aje hapa. Kwa hiyo hatutazunguka. Viongozi wa darasa walituomba tuzungumze juu ya kichomi cha wazee. Kichomi ni ule ugonjwa wa mapafu ambao hospitali huitwa nimonia. Walitueleza kwamba swali linaloulizwa sana darasani ni hili: Kwa nini mzee anapewa dawa ileile iliyomponya miaka ya nyuma, lakini safari hii anameza, anameza, na hapati nafuu?

Majibu mnayoyasikia vijiweni tunayajua. Wako wanaosema dawa za siku hizi ni bandia. Wako wanaosema mzee amerogwa. Wako wanaosema mwili wa mzee umezoea dawa.

Dawa bandia zipo, hatukatai. La kurogwa halimo katika vitabu vyetu. Lakini jibu la tatu linakaribia ukweli, ila limekosea kidogo, na kosa hilo dogo linaua watu. Si mwili wa mzee uliozoea dawa. Vijidudu ndivyo vilivyozoea. Mzee anaweza kuwa hajameza dawa hiyo kwa miaka 10, na bado dawa ikashindwa, kwa sababu kijidudu kilichomwingia kilikwisha kuijua dawa hiyo mahali pengine. Mahali gani? Hapo ndipo tunapotaka kufika leo. Mtaona kwamba mara nyingi mahali penyewe si mbali. Ni chumba kimoja na yeye.

Kichomi kinavyoingia

Nyote mmewahi kuona pafu la mbuzi. Ukilibonyeza ni laini, lina hewa ndani. Ukilitupa majini linaelea. Pafu la binadamu ni vilevile. Limejaa vifuko vidogo sana vya hewa. Mtu akipatwa na kichomi, vifuko vya sehemu ile iliyougua hujaa usaha na maji badala ya hewa. Sehemu hiyo huwa nzito na ngumu kama ini. Ndiyo maana mgonjwa anahema harakaharaka. Anatafuta hewa kwa sehemu ile iliyobaki.

Vijidudu vinavyoleta kichomi ni vya aina nyingi. Kimoja kinachojulikana sana kinaitwa nyumokoki. Kijidudu hiki ni aina ya bakteria, na makao yake ni puani na kooni mwa watu. Hasa watoto wadogo. Mtoto anaweza kukibeba puani wiki nyingi bila kuumwa chochote, anacheza, anakula, anacheka. Akikohoa au akipiga chafya, kinatoka. Akimfuta bibi uso kwa mkono wenye kamasi, kinahama.

Mtu mwenye nguvu akikivuta, mwili wake una ulinzi wa namna tatu. Kwanza anakohoa kwa nguvu na kukitoa. Pili, ndani ya njia ya hewa kuna vinyweleo vidogo mno, havionekani kwa macho, vinavyofagia uchafu kuupeleka juu mchana na usiku. Tatu, damu ina askari wake wanaomeza vijidudu.

Sasa mwangalieni mzee wa miaka 75. Kikohozi chake hakina nguvu. Vinyweleo vyake vimeunguzwa na moshi wa kuni wa miaka 60, na kama alivuta tumbaku ndiyo zaidi. Askari wa damu yake wamezeeka pamoja naye. Huenda pia ana kisukari, au moyo wake umechoka, au aliwahi kupooza upande mmoja na sasa chakula humpalia mara kwa mara kikaingia njia ya hewa.

Na hapa kuna jambo tunaomba mlisikie vizuri. Dawa haiponyi peke yake. Dawa na askari wa mwili hufanya kazi pamoja, kama watu wawili wanaobeba gogo. Kijana akipewa dawa dhaifu, inayoua nusu tu ya vijidudu, askari wake humalizia zilizobaki. Anapona, na kesho anasema dawa ni nzuri. Mzee hana wa kumsaidia kubeba. Dawa ikilegea, gogo lote linamwangukia. Kwa hiyo vijidudu vikizoea dawa, anayeanza kuumia ni mzee.

Mzee haugui kichomi kama kijana

Tusimame kidogo hapa, maana wengi wanachelewa kwa kutojua.

Kijana akipata kichomi mnaona wazi. Anatetemeka kwa homa, kifua kinachoma ubavuni, anatoa makohozi ya rangi ya kutu. Mzee anaweza asiwe na homa hata kidogo. Mkono ukimgusa ni wa baridi. Anaweza asikohoe sana. Kinachoonekana ni kwamba jana alikuwa anazungumza vizuri na leo anachanganya maneno, anamwita mwanawe kwa jina la ndugu yake aliyekufa. Au ameacha kula. Au ameanguka njiani kwenda chooni. Nyumbani wanasema, "Ni uzee tu, umefika wakati wake."

Ndugu zetu, uzee hauingii kwa siku mbili. Mzee akibadilika ghafla, ameugua.

Hesabuni pumzi zake. Mkiwa mmesoma hadi kufikia kushika gazeti hili, kuhesabu si kazi. Mzee akae ametulia, msimwambie kwamba mnamhesabu, maana mtu akijua huanza kupumua kwa adabu. Tazameni kifua kinavyopanda kwa dakika moja nzima, kwa saa ya mkononi au ya simu. Mtu mzima aliyetulia hupumua kama mara 12 hadi 20. Ikifika 30 au zaidi, hapo ni hatari. Pumzi 30 pamoja na kuchanganyikiwa, msingoje asubuhi. Tafuteni baiskeli, pikipiki, machela, chochote.

Kuna kikohozi kingine cha kuangalia. Kikohozi cha wiki mbili na zaidi, mzee anakonda, anatoka jasho usiku. Hicho lazima kipimwe kifua kikuu. Dawa zake ni nyingine na hutolewa bure. Yako mambo ya kusema juu ya ugonjwa huo, lakini leo tukianza hatutamaliza. Tuseme moja tu. Dawa ya kwanza ya kifua kikuu, streptomaisini, ilipojaribiwa Uingereza miaka ya 1947 na 1948, wagonjwa wengi walipata nafuu, halafu ugonjwa ukarudi na dawa haikufua dafu tena. Vijidudu vilikuwa vimeizoea ndani ya miezi michache. Ndiyo sababu hadi leo mgonjwa wa kifua kikuu hapewi dawa moja. Anapewa kadhaa kwa pamoja, ili kijidudu kinachokwepa hii kiuawe na ile.

Vijidudu vinajifunzaje?

Hawana shule. Tuwaeleze kwa mfano wa shamba, kwa kuwa mmetoka huko asubuhi hii.

Mtu anapalilia juujuu, anakwangua. Majani laini yanakufa. Ndago haifi, kwa sababu ina vitunguu chini ya ardhi. Kwanza ilikuwa michache, imesongwa na majani mengine. Sasa majani mengine yameondoka. Ndago imeachiwa shamba zima, na mbolea yote ni yake. Msimu wa tatu mkulima anasema, "Jembe hili halifai." Jembe ni lilelile. Kilichobadilika ni majani.

Vijidudu ni hivyohivyo. Katika mamilioni, kimoja au viwili huzaliwa na kilema fulani kinachokisaidia kustahimili dawa. Dawa kidogo ikiingia, inaua vile dhaifu na kuacha vile vigumu. Na vijidudu huzaa upesi kuliko panya. Vikipata mahali pazuri, kimoja hugawanyika kuwa viwili kwa muda wa nusu saa hivi. Kimoja cha jioni kinaweza kuwa mamilioni asubuhi, vyote na ugumu uleule. Tena baadhi yao huweza kupeana ugumu huo, kama jirani anavyompa jirani mbegu.

Jambo hili mmekwisha kuliona. Wazee mnakumbuka klorokwini. Ilikuwa dawa ya malaria ya kila nyumba, chungu, inawasha mwili. Ikaanza kushindwa. Mwaka 2001 Tanzania iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria, ikaletwa SP. SP nayo haikukaa. Kufikia mwaka 2006 na 2007 tukapewa dawa ya mseto. Kijidudu cha malaria si bakteria, ni cha namna nyingine, lakini ujanja ni uleule. Na wafugaji mnajua kupe walivyozoea dawa za josho, mpaka dawa zikabadilishwa tena na tena.

Dawa za kuua bakteria huitwa antibiotiki. Penisilini, amoksilini, septrini, tetrasaiklini, na nyingine nyingi. Ya kwanza kati ya hizi nne kugunduliwa ni penisilini. Aliyeigundua ni Alexander Fleming, daktari wa London, mwaka 1928. Aliona ukungu, kama ule wa mkate uliolala, umeua bakteria katika kisahani chake. Mwaka 1945 alipewa Tuzo ya Nobeli pamoja na wenzake wawili, na siku ya kutoa hotuba yake hakujisifu tu. Aliwaonya watu kwa hadithi fupi ya kubuni. Kuna bwana anaumwa koo. Ananunua penisilini, anajitibu mwenyewe, anatumia kidogo isiyotosha kuviua vijidudu, bali inatosha kuvifundisha. Kisha anamwambukiza mkewe. Mke anapata nimonia, anatibiwa kwa penisilini, dawa inashindwa, mke anakufa. Fleming akauliza, ni nani aliyesababisha kifo hicho?

Angalieni, hadithi hiyo ni ya mwaka 1945, wakati dawa yenyewe bado ni changa. Haikuchukua muda mrefu ikawa kweli. Mwaka 1967 madaktari wa Australia walitoa habari ya nyumokoki iliyoweza kuistahimili penisilini. Mwaka 1977 ikaonekana Afrika ya Kusini, katika hospitali za Durban na Johannesburg, nyumokoki sugu kwa penisilini na kwa dawa nyingine kadhaa kwa pamoja. Huku kwetu Afrika Mashariki, dawa ambayo nyumokoki imeizoea sana ni septrini. Zamani ilikuwa kimbilio la kila kikohozi.

Nyumba moja

Sasa turudi kwenye chumba kile tulichosema mwanzo. Hatutaji nyumba ya mtu. Tuchukue nyumba ya mfano, na kila mmoja aangalie kama ana jirani anayefanana nayo.

Bibi analala na wajukuu wawili. Ndiyo desturi yetu na ni nzuri. Mjukuu mdogo anapata mafua. Mafua huletwa na virusi, na antibiotiki haiui virusi, hata umpe mtoto debe zima. Lakini mama ana wasiwasi, na dukani kuna dawa ya maji ya chupa. Ananunua. Anampa mtoto siku mbili. Mafua yanapungua, kama ambavyo yangepungua bila dawa. Chupa inawekwa juu ya kabati, kwa ajili ya safari nyingine.

Ndani ya pua ya mtoto kumetokea nini? Nyumokoki dhaifu zilizokuwa zinaishi humo kwa amani zimekufa. Zile ngumu zimebaki, na pua nzima ni yao. Mtoto haumwi. Anacheza. Usiku analala kifuani kwa bibi na kukohoa.

Baada ya wiki tatu bibi hawezi kuamka. Mnamleta zahanati. Anapewa dawa, na kijidudu kilichoko ndani ya pafu lake kinaitazama ile dawa kama mtu anayekutana na mtu anayemfahamu.

Hatuwaambii haya ili mama yule alaumiwe. Na si kila kichomi cha mzee kimetoka kwa mjukuu. Lakini hii si hadithi ya kutisha watu. Madaktari waliochunguza wagonjwa wa nyumokoki sugu katika nchi mbalimbali wameona kwamba walio katika hatari zaidi ni mtu aliyezidi miaka 65, mtu aliyetumia antibiotiki katika miezi 3 iliyopita, na mtu anayekaa karibu na watoto wadogo wanaotunzwa pamoja. Bibi zetu wengi wana mambo hayo yote matatu. Maana bibi naye ana pakiti yake chini ya godoro. Magoti yakimuuma anameza kidonge kimoja cha rangi mbili. Tumbo likimsokota anameza kingine. Akijikata kwa panga anafungua kidonge na kunyunyizia unga kwenye kidonda. Kidonge hicho hakitibu goti hata kidogo. Kinachofanya ni kupalilia juujuu.

Na kuku? Kuku nao wamo. Mfugaji anayewachanganyia kuku dawa ya unga kwenye maji kila siku, wazima na wagonjwa, anafuga ndago yake mwenyewe. Hilo ni somo la bwana mifugo, tunamwachia.

Kwa nini watu wanakatiza dozi

Mijini kuna watu husema wanavijiji ni wajinga, ndiyo maana hawamalizi dawa. Sisi hatukubaliani nao. Tumekaa na watu hawa. Mtu anakatiza dozi kwa sababu fedha ilitosha vidonge sita tu. Au zahanati haikuwa na dawa siku ile na hospitali ya wilaya ni nauli ya kwenda na kurudi. Au dawa ilimtapisha na hakuna aliyemwambia aimeze baada ya chakula. Au alipewa karatasi yenye 1x3 na hakuna aliyemwelezea. Hilo la mwisho angalau ninyi mmelishinda. Moja mara tatu maana yake ni kidonge kimoja, mara tatu kwa siku: asubuhi, mchana, jioni. Si vidonge vitatu kwa mpigo. Kwa wazazi wenu wasiosoma, ninyi ndio macho.

Lakini wako pia watoa dawa wanaogawa antibiotiki kwa kila anayekohoa ili foleni iishe. Na wako wauza maduka wanaouza vidonge viwiliviwili kama peremende. Maduka ya Dawa Muhimu, yale yaliyoanza kujaribiwa mkoa wa Ruvuma mwaka 2003, yaliwekwa ili watu wa vijijini wapate dawa karibu kutoka kwa mtu aliyefundishwa. Ni jambo jema. Muuzaji aliyefundishwa anajua kwamba nusu dozi haiuzwi. Akikuuzia, mkumbushe. Kama fedha haitoshi, ni afadhali uje zahanati tutafute njia kuliko kununua robo ya dawa.

Juu ya siku za kumeza, tuseme wazi maana mambo yamebadilika. Zamani watu waliambiwa siku 7 au 10 au 14. Siku hizi imeonekana kwamba kichomi cha kawaida, kisicho kikali, mara nyingi hutibika kwa siku 5. Kwa hiyo msishangae mkipewa dawa ya siku 5, wala msidai nyingi zaidi. Dawa nyingi kupita kiasi nayo inafundisha vijidudu. Fuateni siku zilizoandikwa. Ukijisikia umepona siku ya pili, endelea hadi ya mwisho uliyoandikiwa.

Siku ya tatu

Mkishapewa dawa ya mzee mkarudi nyumbani, iko siku moja ya kuweka alama ukutani. Siku ya tatu.

Zahanati zetu nyingi haziwezi kuotesha makohozi ili kujua kijidudu ni kipi na kinaogopa dawa gani. Kazi hiyo hufanywa katika maabara za hospitali kubwa, na huchukua siku kadhaa. Kwa hiyo dawa ya kwanza hutolewa kwa kufuata mwongozo, ile inayotegemewa kufaa wagonjwa wengi. Mzee akiwa anapata nafuu, kufikia siku ya tatu mtaona. Pumzi zinapungua, anaomba uji, anawatambua watu. Kama siku ya tatu hakuna lolote kati ya hayo, msiende dukani kuongeza dawa nyingine juu yake. Mrudisheni. Na akizidiwa kabla ya hapo, mrudisheni siku hiyohiyo. Huenda anahitaji dawa ya pili, au sindano ya mshipa na hewa ya oksijeni hospitalini.

Mkija, njooni na maganda ya dawa zote alizomeza kwa miezi 3, hata zile za mganga wa jirani, hata zile za presha na sukari. Msitufiche kwa aibu. Mganga akijua kwamba bibi alimeza amoksilini mwezi uliopita, anaweza kuchagua nyingine. Asipojua, anampa ileile. Na kama kuna dawa iliyowahi kumvimbisha uso au kumtoa vipele, isemeni kabla ya yote.

Mnaweza kuuliza, kwani hizo dawa za pili si zipo? Ziache hizi za kwanza zife! Zipo, lakini ni chache. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilizigawa antibiotiki katika makundi matatu: za kutumiwa kwanza, za kutumiwa kwa uangalifu, na za akiba kabisa. Ni kama ghala la chakula. Zile za akiba ni ghali, nyingi ni za sindano, na hospitali za mbali hazina. Hata hizo, katika hospitali za nchi nyingi, vijidudu vimeanza kuzizoea. Na dawa mpya haigunduliwi kila mwaka kama khanga.

Ukubwa wa jambo lenyewe ni huu. Wataalamu walikadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 1 na laki 2 na elfu 70 duniani walikufa kwa sababu ya bakteria zilizozoea dawa, na magonjwa ya mapafu ndiyo yaliyoongoza. Halafu hesabu nyingine, iliyotolewa mwaka 2024, ilionyesha jambo la kusikitisha na la kutia moyo kwa pamoja. Kuanzia mwaka 1990 hadi 2021, vifo vya namna hii kwa watoto wa chini ya miaka 5 vilipungua kwa zaidi ya nusu. Kwa wazee wa miaka 70 na zaidi viliongezeka kwa zaidi ya asilimia 80.

Watoto walisaidiwa na nini? Na mengi, na mojawapo ni chanjo. Tangu mwaka 2013 watoto wa Tanzania huchanjwa chanjo ya nyumokoki, wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Hapa kuna siri nzuri ambayo akina bibi wataipenda. Marekani walipoanza kuwachanja watoto wadogo mwaka 2000, ugonjwa mkali wa nyumokoki ulipungua hata kwa wazee ambao hawakuchanjwa, na nyumokoki sugu zilipungua pia. Kwa nini? Pua za wajukuu zilikuwa safi zaidi. Basi bibi anayemsukuma binti yake ampeleke mtoto kliniki kwa tarehe iliyoandikwa, anajikinga na yeye mwenyewe.

Mengine ya kumkinga mzee mnayajua. Moshi utoke jikoni. Aoshwe mikono, na meno yake yapigwe mswaki hata yakiwa matatu, maana uchafu wa kinywa hushuka kifuani. Alishwe akiwa ameketi wima, si akiwa amelala. Asiachwe amelala chali siku nzima. Mwenye mafua asilale naye mpaka apone.

Maswali

Mzee mmoja aliuliza: "Mbona sindano ni bora kuliko vidonge, na ninyi mnatubania?"
Tulimjibu hivi: Baba, sindano haina nguvu kwa sababu inauma. Kwa kichomi kisicho kikali, kwa mtu anayeweza kumeza, kidonge kinafika mapafuni sawasawa. Sindano ni ya mgonjwa aliyezidiwa au anayetapika.

Mama mmoja aliuliza: "Mtoto akiwa na mafua nisimpe kitu kabisa?"
Mpe maji na maziwa ya kutosha, msafishe pua, mwache apumzike. Akihema haraka, au kifua chini ya mbavu kikibonyea ndani anapovuta pumzi, au akishindwa kunyonya, mlete upesi. Hayo si mafua tena.

Kijana mmoja aliuliza kama dawa zilizobaki nyumbani zitupwe chooni.
Hapana. Wala zisichomwe jikoni, wala asipewe jirani. Zileteni hapa zahanati siku yoyote ya kazi, pamoja na chupa zilizobaki nusu. Hatutauliza mlizipata wapi. Kuna ndoo nyeupe yenye mfuniko kando ya dirisha la dawa.